MAJI YA BWAISE NA UGOMVI WA MTO NAILI

Mvua ikinyesha Kampala kwa muda wa saa moja tu, watu wa Bwaise huanza kuinua magodoro. Hawangoji kuambiwa. Vitanda vyao vimekwisha pandishwa juu ya matofali tangu zamani, na milango ya vyumba vingi imejengewa kizingiti cha saruji kifikacho magotini, ili maji ya mfereji yasiingie ndani bila hodi. Mtaa huo uko bondeni, kaskazini ya kilima cha Makerere, kando ya barabara iendayo Bombo, na maji yaangukayo juu ya vilima vya jirani hushukia hapo kabla ya kuendelea na safari yake. Kesho yake alfajiri, baada ya kuyafagia matope na kuyatupa nje kwa karai, mama mwenye nyumba huchukua jerikeni mbili za njano akaenda kununua maji.

Mgeni hustaajabu kuona foleni ya maji mahali palipofurika jana. Mwenyeji hastaajabu, kwani ayajua maji yale yalikopita. Huko Bwaise ardhi haiwezi kuchimbwa hata kimo cha mtu kabla ya kukuta maji. Kwa hiyo vyoo vingi havikuchimbwa chini bali vimeinuliwa juu, na mtu huvipanda kwa ngazi kama apandaye jukwaani. Choo kikijaa, kukipakua kwa gari ni gharama, na wako wenye nyumba wanaongojea mvua kubwa ili mafuriko yafanye kazi hiyo bila malipo. Mafuriko hayo ndiyo yaingiayo katika vyumba vya majirani.

Zipo chemchemi pia. Nyingine zimejengewa ukuta wa mawe na kutiwa bomba fupi, na maji yake hutiririka usiku na mchana, meupe, ya baridi, wala hayaulizwi bei. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walioyapima maji ya chini ya ardhi katika parokia ya Bwaise III, na kutoa matokeo yao mwaka 2007, walikuta kwamba maji hayo yamechanganyika na uchafu wa vyoo, na kwamba hali huzidi kuwa mbaya mara mvua inyeshapo. Jicho halioni uchafu huo wala ulimi hauuonji. Mwishoni mwa mwaka 1997, mvua kubwa za El Niño zilipomiminika, kipindupindu kiliingia Kampala, na mitaa ya mabondeni ndiyo iliyoumia kwanza.

Hapa yafaa tuseme neno na akina mama wasomao kurasa hizi, wawe wanakaa Bwaise ama katika kambi zetu ambako bomba hukauka mara kwa mara. Maji ya chemchemi si ya kutupwa; ni ya kutengwa. Yafulie nguo, yapigie deki, yaoshee baiskeli ya baba. Yakiwa hayana budi kunywewa, basi yachemshwe hata yatokote kwa nguvu, yaachwe yapoe katika sufuria ile ile iliyofunikwa, kisha yamiminwe katika chombo chenye mdomo mwembamba. Kata ichovywayo na kila mtoto huyarudishia maji uchafu ule ule uliokwisha ungua kwa makaa ya bei ghali. Jerikeni ya chemchemi na jerikeni ya bomba zisiwe moja; mama wengi huzitofautisha kwa kufunga kitambaa chekundu mpinini, na hata mtoto wa miaka minne hujifunza kuzijua.

Sasa tuhesabu. Wataalamu wa afya wa Umoja wa Mataifa husema kwamba mtu mmoja ahitaji lita 20 kwa siku kuwa ndiyo haba kabisa, yaani kunywa, kupika na kunawa tu. Hiyo ni jerikeni moja kwa kila mtu. Nyumba ya watu sita yataka jerikeni sita, na jerikeni ikiuzwa shilingi 200 mtaani, hizo ni shilingi 1,200 kila siku ya Mungu na 36,000 kwa mwezi, kabla hujanunua unga, mafuta wala chumvi. Na siku bomba likikatika, vijana wa baiskeli waletao maji kutoka mbali hupandisha bei wapendavyo. Aliye na bomba ndani ya nyumba yake hulipa kidogo zaidi kwa maji yale yale, na halali usiku akiyawaza. Ndipo Shirika la Taifa la Maji, lililoundwa mwaka 1972, likaanza kuweka katika mitaa kadhaa ya wanyonge mabomba ya kulipia kabla, ambapo mtu hugusa kidude kidogo kama kifungo, maji yakatoka kwa bei ya shirika bila mchuuzi kuingia kati. Penye bomba la namna hiyo lifanyalo kazi, mzigo hupungua sana. Penye lililoharibika, hali hurudi kuwa ile ya kwanza.

Askari polisi miongoni mwa wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa yatokeayo katika foleni. Ugomvi mwingi wa bombani hauanzi kwa maji. Huanza kwa jerikeni tupu. Mtu huja saa kumi na moja alfajiri, akaiweka jerikeni yake mstarini, akarudi kulala. Mwingine huja saa kumi na mbili akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Maji yatokapo, mwenye jerikeni arejea na kudai zamu yake. Je, zamu ni ya chombo au ni ya mtu? Swali hilo limevunja mipini ya jerikeni, limechana gomesi, na limewafikisha majirani kwa mwenyekiti wa mtaa na baadaye kituoni.

Nawaomba mlishike swali hilo la jerikeni tupu, kwa sababu mataifa ya bonde la Mto Naili yamekuwa yakigombana juu yake kwa muda wa karibu miaka mia moja.

Lakini kwanza tuyafuate maji ya Bwaise, maana safari yake ni ya ajabu kidogo. Maji ya bomba la Kampala kwa miaka mingi yamevutwa kutoka Ziwa Viktoria pale Ggaba, yakasukumwa kwa mashine hadi matangi ya juu ya kilima cha Muyenga na vilima vingine, ndipo yakashuka mitaani. Maji yatumikayo upande wa kusini wa jiji hurudi ziwani kwa mfereji wa Nakivubo, yakaingia ghuba ile ile ya Murchison ambamo Ggaba huvuta, na hivyo kuwatia wasafisha maji gharama na jasho. Ya Bwaise hayarudi ziwani. Bwaise iko upande wa pili wa mgongo wa vilima. Maji yake huenda na mfereji wa Lubigi, yakaingia kinamasi cha Lubigi, kisha Mto Mayanja, kisha Mto Kafu, nao Kafu huyapeleka katika Naili karibu na Masindi Port, chini ya Ziwa Kyoga. Kwa maneno mengine, maji aliyoyafulia mama wa Bwaise hayapiti Jinja hata kidogo. Huingia Naili kwa mlango wa nyuma, yakapita Karuma, ambako bwawa kubwa la umeme lilifunguliwa rasmi Septemba 2024, na kuelekea Sudan Kusini.

Je, mama huyo akichota jerikeni sita anampunguzia mkulima wa Misri? Hapana. Pale Jinja, mto hutoa ziwani kiasi cha meta za ujazo 1,000 kila sekunde, mara nyingine zaidi na mara nyingine pungufu. Tukizipima kwa jerikeni, hizo ni jerikeni 50,000 katika muda wa kupepesa jicho. Kiu ya Bwaise haikuletwa na uhaba wa mto. Imeletwa na mabomba yasiyofika, na vyoo visivyopakuliwa, na kodi ya nyumba iliyowasukuma watu kujenga kinamasini. Maji ya kifuu bahari ya chungu, walisema wazee. Na kwa mtu wa chumba kimoja, mto wenye urefu wa zaidi ya kilomita 6,600 hauna maana kama jerikeni yake ni tupu.

Ugomvi wa mto wenyewe ni wa namna nyingine. Ni wa mabwawa na mashamba. Mwaka 1929, tarehe 7 Mei, Uingereza kwa niaba ya makoloni yake iliandikiana barua na Misri, na katika barua hizo ikakubaliwa kwamba hapatajengwa kitu juu ya Naili, matawi yake wala maziwa yake katika nchi zilizo chini ya Uingereza, ikiwa kitapunguza maji yafikayo Misri, isipokuwa Misri imekubali kwanza. Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Hakuna aliyemwuliza Mganda. Mwaka 1959, Novemba, Misri na Sudan ziligawana maji kati yao wenyewe: katika meta za ujazo bilioni 84 zilizokisiwa kufika Aswan kwa mwaka, Misri ikachukua bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5, na bilioni 10 zikahesabiwa kuwa mvuke wa jua. Ethiopia, ambako hutoka kama asilimia 85 ya maji hayo, haikupewa hata tone katika hesabu hiyo, wala sisi wa maziwani.

Hiyo ndiyo jerikeni iliyowekwa mstarini alfajiri, wengine wakiwa bado usingizini. Misri husema: mimi nilitangulia, na sina kisima kingine. Wala si uongo. Nchi hiyo ina watu zaidi ya milioni 100, mvua kwao ni kama hadithi, na maji wapatayo kwa kila mtu ni chini ya meta za ujazo 600 kwa mwaka, ilhali wataalamu huita uhaba kile kilicho chini ya 1,000. Anayemcheka Mmisri kwa kuogopa hajapata kuishi pasipo mvua. Wa juu nao husema: jerikeni yako uliiweka ulipokuwa peke yako na mkoloni, sisi tumekuja na miguu yetu. Mwezi Julai 1962, serikali ya Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba mapatano ya 1929 hayaifungi nchi huru. Uganda na Kenya baadaye zilishika msimamo wa namna hiyo.

Hata hivyo si kila jambo la zamani lilikuwa la kugombania. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, lilijengwa kwa mashauriano. Misri ilichangia fedha, na mhandisi wa Kimisri akawekwa Jinja kutazama kiasi cha maji yatolewayo. Kanuni ikawekwa kwamba maji yatoke kwa kadiri ile ile ambayo mto ungetoa wenyewe kama bwawa lisingekuwapo, kulingana na kimo cha ziwa. Kanuni hiyo ilifuatwa kwa miaka mingi, hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji yakaanza kutolewa kupita kiasi ili kuzalisha umeme, na wakati huo huo ukame ukaingia. Mwaka 2006 ziwa lilishuka mno, umeme ukagawanywa kwa zamu, na taa za Bwaise zikawaka siku moja na kulala siku ya pili. Miaka kumi na minne baadaye, Mei 2020, ziwa lilifanya kinyume: lilipanda kuliko wakati wowote uliopata kuandikwa, likawafukuza watu wa pwani zake katika nyumba zao.

Wasomaji walio jeshini huenda wakapenda kukumbushwa habari ya mfereji wa Jonglei. Katika kinamasi kikubwa cha Sudd, kusini ya Sudan ya wakati ule, karibu nusu ya maji ya Naili Nyeupe hupotea kwa jua. Misri na Sudan zikaazimia kuchimba mfereji wa kilomita 360 ili maji yazunguke kinamasi hicho. Mashine kubwa ajabu ikaanza kazi mwaka 1978. Wenyeji, ambao malisho ya ng'ombe na uvuvi wao hutegemea kinamasi, hawakuridhika, na vita vilipozuka mwaka 1983, mfereji ukawa miongoni mwa shabaha za mwanzo za wapiganaji wa SPLA. Kazi ilisimama zikiwa zimechimbwa kama kilomita 240. Kiongozi wao, John Garang, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari Marekani mwaka 1981 juu ya mradi huo huo wa Jonglei. Mashine ile iliachwa porini ikala kutu. Fedha zilizozama pale zingetosha kuwapa maji ya bomba watu wengi sana, kama wenyeji wangeulizwa kwanza wanataka nini.

Tangu hapo mataifa yamejaribu kukaa kitako. Mwaka 1967 ulianza mpango wa kupima mvua na vimo vya maziwa, baada ya Ziwa Viktoria kupanda ghafla mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mwaka 1983, Misri iliongoza kuundwa kwa jumuiya iliyoitwa Undugu, nalo ni neno letu la Kiswahili lililokwenda hata Khartoum na Cairo. Jina lilikuwa zuri kuliko matendo. Tarehe 22 Februari 1999, mawaziri wa maji waliokutana Dar es Salaam walianzisha Mpango wa Bonde la Naili, ambao makao yake yako Entebbe, na mpaka leo tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Naili. Mwaka huo huo Misri ilianza kusaidia Uganda kuondoa magugu maji yaliyoziba maziwa yetu. Hayo nayo yasisahauliwe wakati maneno makali yanenwapo.

Kisha ukaja mkataba wenyewe. Mazungumzo ya miaka kumi yalikwama katika kipengele kimoja. Nchi za juu zilikubali kuandika kwamba hakuna nchi itakayodhuru kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri na Sudan zilitaka yaongezwe maneno ya kulinda matumizi na haki zilizopo. Haki zilizopo! Ni jerikeni ile ile. Tarehe 14 Mei 2010, pale Entebbe, Uganda, Ethiopia, Rwanda na Tanzania zilitia saini bila kungoja zaidi. Kenya ikafuata siku chache baadaye, na Burundi mwaka 2011. Kuidhinisha kulichukua muda mrefu kuliko kusaini. Uganda yenyewe iliidhinisha mwaka 2019. Sudan Kusini ilipojiunga mwaka 2024 ilitimiza idadi ya nchi sita iliyotakiwa, na tarehe 13 Oktoba 2024 mkataba ukaanza kuwa sheria kwa waliomo. Misri na Sudan zilitangaza kwamba hauzifungi.

Katikati ya hayo, Ethiopia ilianza kujenga bwawa lake kubwa juu ya Naili ya Buluu mwezi Aprili 2011, lenye uwezo wa kubeba meta za ujazo bilioni 74. Mwezi Juni 2013, wanasiasa wa Misri walisikika katika televisheni wakishauriana namna ya kuliharibu, pasipo kujua kwamba taifa zima lilikuwa likiwatazama. Wengi tulidhani vita viko karibu. Havikuja. Machi 2015, viongozi wa Misri, Sudan na Ethiopia walitia saini tamko la misingi huko Khartoum. Kujaza kukaanza mwaka 2020. Na bwawa likafunguliwa rasmi tarehe 9 Septemba 2025, Misri ikiendelea kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba hakuna makubaliano yenye nguvu ya sheria juu ya maji yatakavyoachiliwa katika miaka ya ukame. Kwa maoni yetu lalamiko hilo lina uzito, na kiburi cha miaka ya nyuma hakikulipunguzia uzito huo. Mwaka wa mvua nyingi kila mtu ni jirani mwema. Mapatano huandikwa kwa ajili ya mwaka mbaya, na hayo ndiyo ambayo bado hayajaandikwa.

Tulirudi Bwaise jioni moja ya kiangazi. Bomba lilikuwa limekauka tangu asubuhi, na jerikeni zilikuwa zimepangwa mstari hadi kwenye duka la mkaa, nyingi tupu na pasipo wenyewe. Mama mmoja mtu mzima, ambaye wenzake walikuwa wakimwita Jajja kwa heshima, alitueleza kanuni yao waliyoiweka wenyewe baada ya ugomvi wa miaka mingi. Jerikeni tupu hushika zamu, lakini lazima mwenyewe awe mahali ambapo akiitwa mara tatu atasikia. Asiposikia, jerikeni yake husogezwa mwisho wala haitupwi. Mchuuzi wa baiskeli hachoti zaidi ya jerikeni mbili mpaka wenye nyumba wamalize. Mwenye mgonjwa ama mtoto mchanga hupita mbele.

Nyumba yenye msiba nayo hupita mbele, na hilo hakuna alipingaye. Wasilokubaliana ni jerikeni ngapi. Wengine wasema tano, wengine wasema kumi kwa sababu ya wageni wa matanga, na Jajja mwenyewe asema wahesabiwe wageni kwanza. Maji yalianza kutoka saa tatu usiku, na walikuwa hawajaafikiana.